Kamera ya Mtumba ya Renjifainda: Gharama ya Kweli ya Picha Moja

Chukua watu wawili. Mmoja amenunua Zorki-4 ya Kisovieti na lenzi yake kwa dola 90. Mwingine amenunua Leica M2 na lenzi ya Summicron kwa dola 2,100. Baada ya miaka mitatu wa pili anaweza kuwa ametumia fedha kidogo zaidi kwa kila picha aliyopiga. Hesabu yake ni ya kujumlisha na kugawanya tu, lakini wanunuzi wengi hawaifanyi kwa sababu macho yao yanaganda kwenye bei ya tangazo.

Makala haya yanaifanya hesabu hiyo mwanzo hadi mwisho. Bei zilizotumika ni makadirio ya soko la mitumba la miaka ya karibuni, na ziko kwa dola ya Marekani. Kwa kukadiria, zidisha kwa 2,600 kupata shilingi za Tanzania au kwa 130 kupata za Kenya, kisha rekebisha kwa kiwango cha siku unayonunua.

Ni kamera gani hii?

Renjifainda ina kipima-umbali kilichounganishwa na lenzi. Mbele yake kuna madirisha mawili madogo yaliyoachana kwa sentimita chache, na kila moja linakitazama kitu kwa pembe yake. Ukichungulia unaona picha mbili katikati. Unapozungusha pete ya lenzi, moja inasogea, na zikilaliana sawasawa fokasi imekaa. Ndani hakuna kioo cha kupanda na kushuka kila unapofyatua, ndiyo maana mwili wake ni mdogo na mlio wake ni wa chini.

Leica ya kwanza, kazi ya Oskar Barnack wa kiwanda cha Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, iliingia sokoni mwaka 1925. Kipima-umbali kilichoungana na lenzi kilifika mwaka 1932, katika Leica II na Contax ya kampuni ya Zeiss Ikon. Mwaka 1954 ikaja Leica M3, ambayo umbo lake linafuatwa hadi leo. Wasovieti walikwisha kuanza kunakili Leica mwaka 1934 katika kiwanda cha FED mjini Kharkiv, Ukraine, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia Zorki zikatengenezwa Krasnogorsk, karibu na Moscow. Japani nayo ilileta Canon, Nikon, Yashica na wengine. Bidhaa za viwanda hivyo ndizo zinazouzwa leo kama mitumba.

Uhaba haupangi bei

Wauzaji hupenda kusema kamera ni ghali kwa kuwa ni adimu. Takwimu za uzalishaji zinasema vingine. Zorki-4 zilitengenezwa zaidi ya milioni 1.7 kati ya 1956 na 1973. Leica M3 zilitengenezwa zaidi ya 220,000 hadi 1966. Canon P, iliyotoka mwaka 1959, zilitengenezwa takriban 88,000 tu.

Kama uhaba ndio ungepanga bei, Canon P ingekuwa ghali kuliko zote tatu. Lakini mwili wake bila lenzi hupatikana kati ya dola 250 na 450, ilhali wa Leica M3 unaotumika vizuri huuzwa dola 1,000 hadi 1,800. Kamera iliyo adimu zaidi ya mara mbili inauzwa kwa karibu robo ya bei.

Sehemu ya tofauti hiyo ni jina. Sehemu nyingine ni matengenezo: Leica M ina mafundi na vipuri katika nchi nyingi, na lenzi za mwaka 1954 zinaingia katika mwili wa leo. Mwaka 2022 kampuni ya Leica iliirudisha sokoni M6 ya filamu kwa dola 5,295. Kamera mpya ikiuzwa bei hiyo, yenye umri wa miaka 60 haishuki kwa urahisi. Anayenunua Leica ya mtumba ananunua pia uhakika wa kuitengeneza na kuiuza tena, na uhakika huo una thamani yake katika hesabu.

Kipimo unachokihitaji kweli

Usahihi wa kipima-umbali una namba. Chukua umbali kati ya madirisha mawili, uzidishe kwa ukuzaji wa tundu la kuchungulia. Leica M3 ina milimita 68.5 na ukuzaji wa 0.91, kwa hiyo inapata karibu 62. M6 ya kawaida ina 69.25 na ukuzaji wa 0.72, inapata karibu 50. Canon P ina 41 na ukuzaji wa 1, inabaki 41. Voigtländer Bessa R, iliyotengenezwa na Cosina ya Japani kuanzia mwaka 2000, inapata karibu 25.

Sasa linganisha na mahitaji ya lenzi. Kwa jicho la kawaida na kiwango cha ukali wa picha kinachotumika kwa filamu ya milimita 35, lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/2 inahitaji kipimo cha milimita 12 au 13 tu. Kamera zote nilizotaja zinapita, hata ukizidisha mara mbili ili kufidia uchakavu. Lenzi ya milimita 90 yenye f/2 ndiyo inayodai takriban 40. Hapo Bessa R inashindwa, Canon P inapita kwa shida, na Leica inapita bila wasiwasi.

Kwa hiyo anayeanza na lenzi moja ya milimita 50, kama wengi wanavyoanza, hana sababu ya kulipia kipima-umbali cha M3. Fedha hiyo aipeleke kwenye hali ya lenzi.

Hesabu ya miaka mitatu

Tuseme mpigapicha anamaliza mikanda miwili kwa mwezi. Kwa miaka mitatu ni mikanda 72, na kila mkanda una picha 36, jumla picha 2,592. Mkanda mmoja ni kama dola 9, na kuusafisha na kuuskani maabara ni kama dola 11. Jumla ni dola 20 kwa mkanda, au dola 1,440 kwa miaka mitatu.

Upande wa kamera, hesabu ina vipengele vitano: bei, usafirishaji, kodi, sevisi na kile utakachopata ukiiuza. Kodi ya Ongezeko la Thamani ni asilimia 18 Tanzania Bara na asilimia 16 Kenya, nayo hutozwa juu ya bei pamoja na usafirishaji. Hapa nimetumia asilimia 18. Ushuru wa forodha ni nyongeza, na kiwango chake muulize wakala wa forodha kabla hujalipa, kwa sababu ushuru nao huongeza kiasi kinachotozwa kodi.

Zorki-4 na lenzi yake ya Jupiter-8: bei dola 90, usafirishaji 30, kodi 22, sevisi 80. Jumla dola 222. Ukiiuza unapata kama 60. Gharama halisi ni dola 162.

Canon P na lenzi ya Canon ya milimita 50 f/1.8: bei dola 500, usafirishaji 40, kodi 97, sevisi 160. Jumla dola 797. Ukiiuza unapata kama 450. Gharama halisi ni dola 347.

Leica M2 na Summicron ya milimita 50: bei dola 2,100, usafirishaji 60, kodi 389, sevisi 300. Jumla dola 2,849. Ukiiuza unapata kama 2,000. Gharama halisi ni dola 849.

Ongeza dola 1,440 za filamu kwa kila mmoja, kisha gawanya kwa picha 2,592. Mwenye Zorki analipa senti 62 kwa picha, mwenye Canon senti 69, na mwenye Leica senti 88. Kwenye tangazo Leica ilikuwa ghali mara 23 kuliko Zorki. Kwenye picha tofauti imeshuka hadi senti 26.

Tazama pia fedha za mwenye Zorki zimekwenda wapi. Kati ya dola 1,662 alizotoa mfukoni, filamu na maabara vimechukua asilimia 87. Alihangaika wiki nzima kutafuta kamera ya kumpunguzia dola 20, na wakati huohuo kila mkanda mmoja unamla dola 20.

Lakini hesabu hii inategemea kupiga sana. Mtu anayemaliza mkanda mmoja kila miezi miwili atakuwa na picha 648 tu kwa miaka mitatu. Kwake Zorki ni senti 81 kwa picha, Canon ni dola 1.09, na Leica ni dola 1.87. Asiyepiga mara kwa mara hana pa kuigawanya gharama ya kamera, na kwake Leica ni anasa.

Kuna jambo jingine ambalo wastani hauonyeshi. Dola 2,849 ni zaidi ya shilingi milioni 7.4 za Tanzania zilizolala ndani ya begi. Kamera ikiibiwa, zile dola 2,000 za kuiuza zinapotea nayo. Asiyeweza kuzikosa fedha hizo kwa miaka mitatu asidanganywe na senti 88.

Fedha zinaokolewa kwenye kusafisha

Njia ya kupunguza gharama kwa kiasi kikubwa ipo, na haihusu kamera kabisa. Ni kusafisha filamu nyeusi na nyeupe nyumbani.

Filamu huuzwa pia kwa roli kubwa la futi 100, yaani mita 30.5, ambalo unalikata mwenyewe na kupata mikanda 18 ya picha 36. Roli la aina ya bei nafuu ni kama dola 80, kwa hiyo mkanda unashuka kutoka dola 9 hadi dola 4.44. Kemikali nazo zinakwenda mbali. Chupa ya nusu lita ya dawa ya aina ya Rodinal, iliyovumbuliwa mwishoni mwa karne ya 19 na inayotumika hadi leo, ikichanganywa sehemu moja kwa 50 za maji hutumia mililita 6 tu kwa mkanda, hivyo inasafisha mikanda zaidi ya 80. Ukijumlisha dawa ya kugandisha picha na upotevu, weka dola 1 kwa mkanda. Vifaa, yaani tangi, kipimajoto, mfuko wa giza, kifaa cha kukatia filamu, na meza ya mwanga ya kupiga nakala kwa simu au kamera ya dijitali, vyote ni kama dola 180 mara moja tu.

Kwa mikanda 72 jumla ni dola 572 badala ya dola 1,440. Umeokoa dola 868, zaidi ya gharama yote ya Canon P pamoja na lenzi, kodi na sevisi. Vifaa vinarudisha fedha yake kwenye mkanda wa 13.

Rudia sasa mgawanyo. Mwenye Leica anayesafisha mwenyewe analipa senti 55 kwa picha. Mwenye Zorki anayepeleka maabara analipa senti 62. Mwenye Canon P anayesafisha mwenyewe analipa senti 35, takriban shilingi 920 za Tanzania. Uamuzi wa mahali pa kusafisha umeuzidi nguvu uamuzi wa kamera ya kununua.

Kwa anayeishi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa kuna tahadhari moja. Muda wa kusafisha ulioandikwa kwenye maelekezo ni wa maji ya nyuzijoto 20, na maji ya bomba ya Pwani yana joto zaidi kwa kiasi kikubwa. Dawa ikiwa ya moto inafanya kazi haraka mno, na ukisafisha chini ya dakika tano picha hutoka na mabaka. Tia chupa ya maji ya barafu kwenye beseni, subiri kipimajoto kishuke, ndipo uanze.

Kila kasoro na bei yake

Anza na lenzi, kwa kuwa picha inatoka huko. Iangaze kwa tochi kutoka nyuma na uitazame kutoka mbele. Utando mweupe mwepesi husafishika kwa dola 60 hadi 120, ila ukiwa umeshakula kioo hautoki. Lenzi ya Canon f/1.8 inajulikana kwa tatizo hili nyuma ya majani ya tundu, kwa hiyo mwombe muuzaji picha ya tochi kabla ya kulipa. Kuvu huonekana kama nyuzi za buibui, na ikikaa muda mrefu hula rangi ya kinga ya kioo. Vioo vilivyoachana gundi huonyesha duara la rangi za upinde wa mvua ukingoni, hiyo iache.

Kuvu ni suala zito kwa wanunuzi wa Pwani. Hushamiri unyevu ukizidi asilimia 65 au 70, na hewa ya Zanzibar au Mombasa hukaa juu ya hapo sehemu kubwa ya mwaka. Lenzi iliyofika safi inaweza kuharibika kabatini. Kopo la plastiki lisilopitisha hewa na pakiti za silika jeli havifiki dola 10, na huo ndio ulinzi wa lenzi ya dola 800.

Fuata shata. Iweke sekunde moja na usikilize: mlio uwe wa mfululizo usiosita. Fungua mgongo, elekeza mwili usio na lenzi kwenye taa, na utafute nukta za mwanga kwenye pazia la kitambaa. Kwa kuwa ndani hakuna kioo, jua likipita kwenye lenzi linaweza kutoboa pazia hilo, kwa hiyo usiiache kamera imetazama juu bila kifuniko. Kasi ya 1/1000 ikigeuka 1/700 filamu ya negativu inavumilia. Pazia likikwama katikati, hiyo ni sevisi kamili. Zorki-4 ina sharti lake: kasi hubadilishwa baada ya kuvuta filamu, si kabla, ukikosea unaweza kuvunja mtambo.

Kwenye kipima-umbali, tazama kitu kilicho mbali sana, mnara wa simu kwa mfano, lenzi ikiwa mwisho wake. Picha mbili zilaliane kulia na kushoto na pia juu na chini. Kilichopotoka kinarekebishwa wakati wa sevisi. Kilichofifia hadi picha ya pili haionekani kinaweza kudai kioo kipya, na kwa Leica M3 gharama hiyo hufika mamia ya dola.

Mita ya mwanga isikutie hofu. Kamera nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilitumia betri za zebaki za volti 1.35, ambazo Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa kikomo cha kuzitengeneza na kuziuza nje. Betri za vifaa vya kusaidia kusikia zinakaribiana nazo kwa volti, na programu za kupima mwanga kwenye simu zipo za bure. Chini ya jua kali la mchana, filamu ya ISO 400 hupigwa kwa f/16 na kasi ya 1/500, na picha inatoka.

Mwisho ni utambulisho. FED na Zorki nyingi zimechongwa upya jina la Leica, zikapakwa dhahabu na kutiwa nembo za kijeshi za Kijerumani. Toa lenzi utazame ndani: kwenye Leica halisi mkono unaogusa lenzi una gurudumu dogo mwishoni, kwenye FED na Zorki ni kipande kigumu cha chuma. Na popote tangazo linaposema kamera haijajaribiwa, isome kuwa ni mbovu na uongeze gharama ya sevisi papo hapo.

Wakati na mahali pa kununua

Mitumba mingi mizuri hutoka Japani, na bei yake hufuata yen. Januari 2021 dola moja ilinunua yen 103 hivi. Julai 2024 ilipita yen 160. Kamera ya yen 50,000 ilishuka kutoka dola 485 hadi takriban dola 312 bila muuzaji kupunguza chochote. Kabla ya kubishania dola kumi na muuzaji, angalia kiwango cha yen.

Kwenye lenzi, anza na ya skrubu ya milimita 39. Kamera za skrubu zina milimita 28.8 kutoka mdomo wa lenzi hadi filamu, na Leica M zina 27.8. Pete ya unene wa milimita moja inaziba tofauti hiyo, hivyo lenzi ya skrubu ya Canon itafanya kazi kwenye Leica utakayonunua baadaye. Lenzi ya Leica M haiwezi kurudi kwenye mwili wa skrubu. Jupiter za Kisovieti nazo zitaingia kwenye Leica, lakini nyingi hukosa fokasi kwa umbali mfupi tundu likiwa wazi.

Uamuzi

Mwenye dola 350 na nia ya kamera moja isiyobadilisha lenzi atafute Canonet QL17 GIII ya 1972, yenye lenzi ya milimita 40 f/1.7. Kwa bei ya dola 150, pamoja na usafirishaji, kodi na sevisi, itamfikia kwa kama dola 310, na akisafisha mwenyewe kila picha itamgharimu senti 34, kabla ya kuhesabu atakachopata akiiuza. Shata yake hufanya kazi hata bila betri, tofauti na Yashica Electro 35 inayotegemea betri kupanga kasi. Sponji za kuzuia mwanga mgongoni huoza, ila kuzibadilisha hakuzidi dola 15.

Anayetaka kubadilisha lenzi achague Canon P. Leica M2 au M3 imfae mwenye fedha asizozihitaji kwa miaka mitatu na anayepiga mikanda miwili au zaidi kwa mwezi. Zorki inunuliwe tu kwa muuzaji anayekubali kuirudisha.

Na kabla ya yote, tenga dola 180 za vifaa vya kusafishia. Kama bajeti haitoshi kamera na vifaa hivyo kwa pamoja, shusha daraja la kamera, usiache vifaa. Kamera inayokaa kabatini kwa kukosa fedha za filamu ndiyo ghali kuliko zote.